Loutro, kijiji cha Krete ambacho gari halifiki

Loutro haina barabara. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila nitakachosimulia hapa kimezaliwa na hilo: bei zake, chakula chake, usingizi wake, hata watu wake walivyo. Ni kijiji kidogo kusini mwa kisiwa cha Krete, Ugiriki, eneo la Sfakia, upande unaotazamana na Libya. Mbele bahari, nyuma mlima umesimama wima, katikati umebaki ukanda mwembamba wa nyumba nyeupe zenye madirisha ya buluu zimejipanga kuzunguka ghuba. Ukitaka kufika unapanda boti, au unatembea kwa miguu kwenye kijia cha mawe pembeni ya jabali, saa mbili na zaidi kutoka Chora Sfakion. Hakuna bodaboda, hakuna teksi, hakuna honi.

Nilienda na mama. Mama ni mtu wa Pangani, kazaliwa huko, kaolewa Tanga mjini, alikuja kunitembelea Ujerumani ambako nafanya kazi ya kutunza wazee, na kwa kuwa viza yake ya Schengen inamruhusu kuingia Ugiriki pia nikaona nimpeleke baharini, maana alikuwa ameshaanza kuniuliza kila siku jioni huku watu wanapunga upepo wapi. Nilikuwa na hela ya likizo niliyoitunza. Wenzangu kazini walinishauri nichukue paketi, yaani ile unalipa kila kitu mara moja, hoteli kubwa, bangili mkononi, kula mpaka uchoke. Sikutaka. Mama yangu hawezi kukaa mahali ambapo hamjui anayempikia.

Tulishukia Chania, kesho yake asubuhi tukapanda basi la kwenda kusini. Basi linavuka Lefka Ori, Milima Myeupe, ambayo kilele chake kikubwa kinaitwa Pachnes na kina mita 2,453, na theluji hukaa huko juu mpaka majira ya joto yakaribie. Kupanda si tatizo. Kushuka ndiko kwenye kazi, kona juu ya kona, bahari unaiona iko chini kabisa ya dirisha lako, mama alifumba macho akawa anasoma dua mpaka basi likasimama Chora Sfakion. Pale bandarini kuna mnara wa kumbukumbu ya mwaka 1941, Wajerumani walipoiteka Krete maelfu ya askari wa Uingereza, Australia na New Zealand walivuka milima hii kwa miguu kuja kuchukuliwa na meli usiku usiku, na maelfu wengine wakaachwa hapo hapo ufukweni wakatekwa. Nilimsomea mama maandishi, akauliza kama kulikuwa na Waafrika, nikamwambia hapa sijaona walipoandikwa. Kisha boti ikaita.

Sasa jambo la kwanza lililomshangaza mama si uzuri wa mahali. Asubuhi yetu ya kwanza aliamka alfajiri akaswali, na kibla kwa pale ni kusini-mashariki kwa hiyo anaelekea baharini kabisa, halafu akatoka kwenye kibaraza akakaa. Nikadhani anatazama jua linavyochomoza. Kumbe anasubiri maji yatoke. Kufika saa nne akaniita, "Mwanangu, huku maji hayapwi?" Hayapwi. Yaani yanapanda na kushuka kidogo sana, hata nusu mita haifiki, kwa sababu Mediterania ni bahari iliyofungiwa, imeunganishwa na bahari kuu kwa mlango mwembamba wa Gibraltar tu, na ule mvuto wa mwezi unaosukuma bahari zetu huku hauna nafasi ya kufanya kazi. Kwetu Pangani siku za bamvua maji yanatofautiana mita tatu mpaka nne, yakitoka unatembea mbali kabisa kwenye mwamba, mitumbwi imelala mchangani, na maisha yote yamepangwa kwa hayo, ukitaka kushusha chombo unasubiri yajae, ukitaka kuchokoa pweza unasubiri yatoke, bamvua na maji mafu hata mtoto mdogo anayajua. Loutro meza za kula zimewekwa hatua moja kutoka majini na hakuna anayezisogeza, kwa sababu bahari ya leo iko pale ilipokuwa jana. Mama alilifikiria hili siku nzima. Jioni akasema, "Basi hawa hawana haja ya kungoja." Nikamwambia subiri uone upepo.

Na upepo ulikuja kweli. Ghuba ya Loutro imekingwa na rasi, ndiyo sababu tangu zamani mabaharia walikimbilia hapa, na msomaji wa Biblia ameshakutana na sehemu hii: Matendo ya Mitume sura ya 27, ile meli iliyombeba Paulo akiwa mfungwa kwenda Roma, mabaharia walitaka wafike bandari ya Foinike wakae huko majira ya baridi yapite. Wataalamu wengi wanaiweka Foinike hapa hapa kwenye rasi ya Loutro. Hawakufika. Upepo mkali wa kaskazini-mashariki uliwachukua ukawapitisha karibu na kisiwa ambacho leo kinaitwa Gavdos, na siku hewa ikiwa safi ukipanda mlimani kidogo unakiona, halafu ukawatupa mpaka Malta. Siku yetu ya upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani kwa vishindo, unakaa kimya, unashuka tena, juu ya maji inatembea mistari myeupe, na askari wa bandari wakazuia vyombo visitoke. Hakuna boti kuingia, hakuna boti kutoka. Wageni waliokuwa na ndege siku hiyo walipiga simu huku na huku. Wenyeji wakatoa karata. Mama alikuwa ameshatulia kabisa, akasema upepo ni upepo, hata kwetu kusi ikiamua hakuna nahodha anayebishana nayo.

Nieleze nyumba tuliyokaa maana ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote. Ni nyumba ya familia, vyumba vichache juu, mgahawa chini, jiko nyuma. Mwenye nyumba ni bibi wa zaidi ya miaka sabini, mwanawe anashika vitabu na boti, mkwe yuko jikoni, wajukuu wanabeba sahani wakitoka kuogelea nywele bado mbichi. Tulielewana na bibi kwa Kijerumani. Mwaka 1960 Ujerumani Magharibi ilifanya mkataba na Ugiriki wa kuchukua wafanyakazi, Wagiriki wakaenda kwa malaki kwenye viwanda, na bibi akiwa binti mdogo alikwenda pia, akafanya kazi kiwandani miaka kadhaa karibu na Stuttgart. Kijerumani chake ni cha kiwandani, kifupi, hakina mapambo, na mimi changu nilikianzia kwenye wodi ya wazee, kwa hiyo tulikutana vizuri sana. Aliniuliza swali ambalo ni Mjerumani gani angeniuliza? Aliniuliza hela natuma nyumbani kwa nani, na huyo ninayemtumia anajenga au anakula.

Yeye alijenga. Chini ya nyumba palikuwa ghala la baba yake, la nyavu na mafuta ya zeituni. Aliporudi na mumewe wakaweka juu vyumba viwili, tofali na saruji na mbao vyote vilikuja kwa boti, wakapokea wageni wa kwanza, hela ya wageni ikaongeza chumba, na hivyo hivyo. Hakukopa kwa mtu wa kampuni ya watalii. Walikuja watu kutaka kununua, alisema, tena zaidi ya mara moja, na wakati ule wa shida kubwa ya uchumi wa Ugiriki iliyoanza mwishoni mwa 2009 walikuja wakiwa na bei ya chini na haraka nyingi. Hawakuuza. Majirani zake wengi hawakuuza pia. Ndiyo maana ukitembea pale Loutro, ambako kutoka mwanzo mpaka mwisho ni dakika chache tu, unakuta anayekuuzia mkate ni binamu ya anayekupikia samaki, na anayekuendesha boti ni mtoto wa anayekufulia mashuka.

Mama alikuwa anasikiliza, mimi natafsiri. Alikuwa na sababu yake ya kusikiliza, nitaifikia.

Kila siku alasiri inaingia boti ya mizigo na hapo ndipo nilipokielewa kijiji. Mlango wa mbele unashuka kwenye gati kwa kishindo, vijana wanaingia na mikokoteni, na kila boksi limeandikwa kwa kalamu nene jina la nyumba inakokwenda. Nyanya, mitungi ya gesi, magodoro, maji, katoni za mayai, siku moja jokofu zima limefungwa blanketi, wanaume wanne wanalisukuma kwenye njia nyembamba kati ya meza za watu wanaokula na watu wanainua miguu kupisha. Kisha boti hiyo hiyo inapakia taka na chupa tupu kurudi nazo. Yaani kila kitu unachokula pale kimeshikwa na mikono mingi kabla hakijafika kwenye sahani, na kila unachoacha kuna mtu ataubeba mzigo wake. Mama baada ya kuona hivyo akawa anamaliza chakula chote na kunikaripia nikibakiza.

Chakula chenyewe sasa. Tulikuwa tunauliza nyama gani na imechinjwa vipi, wakaelewa mara moja bila kununa, tukaishi kwa samaki, maharage, mboga za majani za porini zilizochemshwa na kumiminiwa zeituni na ndimu, na mkate mkavu wa shayiri uliolowekwa kidogo ukawekewa nyanya ya kukwangua na jibini. Halafu ile pai ya Sfakia, ambayo ni donge la unga linajazwa jibini laini la mizithra ndani, linasukumwa kuwa jembamba kama chapati, linachomwa kwenye kikaango, juu linamwagiwa asali ya maua ya zaatari. Mama alikwenda jikoni kuangalia linavyosukumwa bila kupasuka na kumwaga jibini, mkwe akampa mti wa kusukumia, donge la kwanza likapasuka, la pili halikupasuka. Baada ya kula pale desturi yao ni kuleta kichupa cha raki ya bure, pombe kali ya maganda ya zabibu, na bibi alipoona hatunywi akawa anatuletea zabibu zenyewe zimetoka kwenye barafu.

Lakini kilichowafanya mama na bibi wawe ndugu ni pweza. Mjukuu mmoja alipiga mbizi nje ya rasi akarudi naye, mkubwa, akaanza kumpiga kwenye jiwe la gati. Wagiriki wanampiga pweza sana, wanamwinua juu wanamshusha, tena na tena, kisha wanamsugua kwenye jiwe kwa mviringo mpaka anatoa povu la kijivu, na mikono inaanza kujikunja yenyewe, ndipo wanamtundika kwenye kamba juani, jioni anachomwa kwenye mkaa. Mama alisimama anatazama, kijana anampiga kivivu, akashindwa kuvumilia. Akajifunga leso vizuri, akamchukua pweza mkononi mwa kijana, akamshika pale shingoni, akampiga inavyotakiwa. Kwetu kuchokoa pweza mwambani ni kazi ya wanawake na mama ameifanya tangu usichana, maji yakitoka, kwa kijiti. Povu lilipotoka bibi aliyekuwa mlangoni alipiga makofi. Wakakaa pamoja pale gatini wakiongea, mama Kiswahili, bibi Kigiriki, hakuna aliyeniita kutafsiri.

Siku nyingine tulikwenda Glyka Nera kwa boti ndogo, ufukwe uliopo kati ya Loutro na Chora Sfakion chini ya jabali refu, nao hauna barabara. Kwenye ramani za watalii umeandikwa kwa Kiingereza kama ufukwe wa maji matamu na ni kweli. Unachimba kwa mkono kwenye kokoto, hatua chache kutoka kwenye mawimbi, kiganja kinaingia, na maji yanajaa kwenye shimo, baridi ya kuuma meno, hayana chumvi. Ni theluji na mvua ya ile Milima Myeupe, mwamba wake ni wa chokaa, maji yanazama ndani hayakai juu, yanasafiri chini kwa chini na kutokea hapa ukingoni kabisa mwa bahari. Ukiogelea unapita kwenye maji ya uvuguvugu halafu ghafla mguu unaguswa na mkondo wa baridi, hayo ndiyo matamu yanaingia. Mama alichota kwa viganja, akaonja, akatia udhu humo humo.

Juu ya Loutro kuna kijiji kinaitwa Anopoli, njia ya kupanda ni ya kuzungukazunguka mpaka kama mita 600 juu, nilipanda peke yangu asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Pale uwanjani kuna sanamu ya Daskalogiannis, tajiri wa meli wa pale pale aliyeongoza Wasfakia kuasi utawala wa Waturuki mwaka 1770 kwa kuahidiwa msaada wa Warusi, msaada haukuja, akajisalimisha, na mwaka 1771 akachunwa ngozi akiwa hai kule Heraklion. Bibi alilisimulia hili kama jambo la juzi, jirani fulani. Nadhani kuna uhusiano kati ya watu wanaokumbuka namna hiyo na watu wasiouza haraka, ingawa siwezi kulithibitisha.

Ufukwe wa mbele ya kijiji ni wa kokoto, una viti vya kulalia vya kukodi upande mmoja, upande mwingine unatandika taulo lako bure na hakuna anayekuuliza. Sheria ya Ugiriki inasema ufukwe ni wa umma. Kiutendaji watu wa viti walikuwa wamejaza fukwe nyingi visiwani mpaka mwenyeji hana pa kuweka taulo, na mwaka 2023 watu wa kisiwa cha Paros wakaandamana wakidai ufukwe wao, vuguvugu likaenea visiwa vingine, na mwaka 2024 ikaja sheria mpya kwamba angalau nusu ya ufukwe ibaki wazi, na kwenye maeneo ya hifadhi asilimia 70, na mwananchi anaweza kuripoti kwa simu yake. Nilimweleza mama akaniambia nirudie. Sisi Tanzania bara tuna sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, lakini nenda ukahesabu kuta zilizosimama ndani ya hizo mita 60.

Sababu ya mama ni hii. Ukoo wetu una shamba la minazi linaloshuka mpaka pwani kusini ya Pangani. Madalali wanalizunguka. Kila anayekuja ana mwekezaji, kila mwekezaji ana haraka, na bei wanayotaja inasikika kubwa mpaka uigawe kwa watoto na wajukuu wa babu wote, hapo inakuwa hela ya bati la nyumba moja moja na mwaka unaofuata mtoto wako anaomba kazi ya kulinda geti kwenye shamba lake mwenyewe. Wajomba wengine wamechoka, na siwalaumu, minazi ni mizee na hailipi. Mama peke yake alikuwa anasema hapana bila kuwa na la kuweka badala yake.

Kwa hiyo usiku mmoja tulikaa na bibi, mama anauliza, mimi nakwenda na kurudi kati ya Kijerumani na Kiswahili. Aliuliza vitu vya maana tupu. Mlianza na vyumba vingapi. Viwili. Choo mlichimba wapi. Mbali na kisima, na akaonyesha. Nani anashika hela. Mmoja tu, na daftari liko mezani kila mwenye damu analiona. Miezi ya baridi mnakula nini, maana msimu wa Loutro unaisha mwishoni mwa Oktoba na kijiji kinabaki karibu kitupu. Zeituni, mbuzi, na akiba. Ardhi iko kwa jina la nani. Hapo bibi alisimama akaingia ndani akarudi na bahasha ya karatasi, imegawanywa, imesainiwa, kila mtoto na sehemu yake na sharti kwamba anayetaka kutoka anawauzia ndugu kwanza. Mama aliziangalia zile karatasi ambazo hawezi kuzisoma, muda mrefu. Shamba letu mpaka leo liko kwa jina la babu ambaye ameshafariki zamani.

Kwa wanaotaka kwenda: Mei na Juni au Septemba ni bora kuliko Agosti, tarehe 15 Agosti ni sikukuu yao kubwa ya Bikira Maria na Ugiriki nzima iko likizo. Chukua viatu vya maji, kokoto za mchana zinaunguza. Toa pesa taslimu Chania kabisa. Mizigo iwe ya kubebeka kwa mkono mmoja. Karatasi ya chooni haitupwi chooni, inawekwa kwenye ndoo. Tangu 2024 kuna kodi ya tabianchi inayolipwa kwa kila chumba kwa kila usiku kulingana na hadhi ya nyumba, usishangae wakikuomba juu ya bei ya chumba. Na kabla ya siku ya ndege yako ya kurudi, toka kijijini siku moja mapema, kwa sababu ya ule upepo.

Mama amesharudi Tanga. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kuulizia mirathi ya babu inafunguliwaje, na amemwita fundi apime mahali pa vyumba viwili, juu, nje ya zile mita 60. Kikao cha ukoo ni Desemba. Wajomba wawili wako upande wa kuuza, mmoja bado anafikiria, na mimi tiketi yangu nimeshakata.